Kabla Oktoba haijafika: maswali yenu kuhusu toleo jipya la Python

Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi alafu karibu zote zinagusa kitu kimoja, Python, lugha ya kuandikia programu, inavyobadilika kila mwaka na kodi zenu, yaani programu mlizoandika, zinavyobaki njiani. Kwa hiyo safari hii nimeweka pembeni maswali ya simu na laptop, ukurasa wote ni huu tu. Majina sijaweka, nimeweka mnakotoka.

Shikamoo mwalimu. Kila mwaka mwezi wa kumi naona watu wanatangaza Python mpya imetoka, 2025 ikawa 3.14. Sasa hao jamaa mwaka mzima wanafanya nini? Na wanajuaje kwamba saivi imekamilika, manake mi kaprogramu kangu ka chuo tu sijui lini nimemaliza. (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mbeya)

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri sana hili na watu wazima wengi kwenye kazi hawalijui jibu lake.

Kwanza ujue kodi ya Python yenyewe, ile inayoitwa CPython, iko wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, tangu Februari 2017, we mwenyewe unaweza kuingia leo ukaisoma. Utakuta intaprita, yaani sehemu inayosoma na kuendesha kodi yako, imeandikwa kwa lugha ya C, iko kwenye mafoda kama Objects na Python, alafu laibrari inayokuja nayo, yaani kodi zilizoandikwa tayari ili uzitumie, sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, iko kwenye foda la Lib. Tawi kuu, yaani nakala ya kodi ambayo kazi mpya inafanyika, linaitwa main. Kila mabadiliko yanaingia hapo kwanza, yakishapita ndo yanarudishwa kwenye matoleo ya nyuma kama ni marekebisho ya hitilafu.

Sasa wengi wanafikiri kazi ya toleo jipya inaanza Oktoba la zamani likishatoka. Hapana, inaanza Mei. Beta ya kwanza, yaani toleo la majaribio, ya 3.14 ilitoka tarehe 7 Mei 2025, na hapo hapo 3.14 ikakatiwa tawi lake peke yake, main ikageuka kuwa 3.15. Kuanzia siku ile mtu aliyekuwa na wazo jipya ambalo halijaingia, basi, linakwenda 3.15, hata kama limebakiza mistari kumi. Ni kama basi la mkoani la saa 12 asubuhi, likishatoka stendi limetoka, subiri la kesho. Zamani haikuwa hivi, matoleo yalikuwa yanakuja kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi na watu walikuwa wanagombania kusukuma vitu vyao dakika za mwisho manake ukikosa hapo unasubiri sana, na kitu kilichosukumwa dakika za mwisho ndo kinakuja kuwa na matatizo. Mpango wa kila Oktoba ulipitishwa 2019, waraka wake ni PEP 602 (PEP ni waraka wa pendekezo la kubadilisha Python), ukaanza kazi na 3.9 iliyotoka Oktoba 2020. Mi naona huu ndo uamuzi mzuri kuliko mwingi waliofanya miaka ya karibuni, manake ulitoa ile haraka.

Baada ya alfa 7, yaani majaribio ya mwanzo kabisa, zinakuja beta 4, Mei mpaka Julai. Kipindi cha beta kitu kipya hakiruhusiwi, kazi ni kurekebisha tu. Alafu zinakuja RC, mbili au tatu, yaani matoleo yanayosubiri kupitishwa. RC ya kwanza ikitoka wanafunga kabisa namna intaprita inavyoshikana na laibrari za C, na hili ni la muhimu sana kwa sababu watu wa NumPy, laibrari ya mahesabu, na wenzao wanaweza kujenga paketi zao kwa RC na zikafanya kazi bila kuguswa siku toleo lenyewe linatoka.

Nani anaamua limekamilika? Kila toleo lina msimamizi wake mmoja, na kawaida anabeba matoleo mawili mfululizo. Pablo Galindo Salgado alisimamia 3.10 na 3.11, Thomas Wouters 3.12 na 3.13, saivi ni Hugo van Kemenade na 3.14 na 3.15. Nyuma yao kuna mashine nyingi zinazoitwa buildbot, nyingine zimetolewa na watu wa kujitolea, Windows, Mac, Linux za aina aina, FreeBSD, mpaka mashine kubwa za IBM, kila kodi ikiingia zinaijenga na kuitesti, ikifeli kwenye moja inaonekana. Taa zikiwa nyekundu msimamizi anasimamisha.

Na wanasimamisha kweli. 3.13 ilikuwa itoke tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani yake kulikuwa na mfumo mpya wa kusafisha memori, watu wakaripoti kwamba unapunguza kasi ya baadhi ya kazi, tena ripoti zenyewe zimekuja mwishoni kabisa. Wakautoa. Tarehe 1 ikatoka RC nyingine badala ya toleo kamili, 3.13 yenyewe ikatoka tarehe 7. Fikiria kazi ya miezi mingi ya watu wanaojua wanachofanya, inatolewa wiki ya mwisho kwa sababu haijathibitika. Mi naheshimu sana hilo.

Kwa hiyo kuhusu kaprogramu kako: weka tarehe, weka siku ambayo baada yake huongezi kitu, alafu wape watu wengine wakajaribu.

Hii 3.10 mbona inakuja baada ya 3.9? Kihesabu 3.10 si ndogo? (Fomu ya tano, Tanga)

Namba ya toleo si desimali mdogo wangu. Ni tatu, nukta, kumi.

Lakini hujakosea peke yako, kompyuta nazo zilikosea. Kuna kodi nyingi duniani zilikuwa zinachukua herufi tatu za kwanza za `sys.version` kujua ni toleo gani, kwa 3.9 unapata "3.9" sawa, kwa 3.10 unapata "3.1". Programu ikawa inadhani iko kwenye Python ya 2009 na inakataa kufanya kazi. Kwenye mafaili ya YAML, yale ya kuandikia mipangilio, ndo kabisa, ukiandika 3.10 bila alama za kunukuu inasomwa namba, sifuri inaanguka, mashine inakwenda kutafuta Python 3.1. Tumia `sys.version_info >= (3, 10)`, na kwenye YAML andika "3.10" na alama zake.

Mwalimu habari za kazi. Ofisini kwetu mfumo wa stoo unatumia Python 2.7 na bosi anasema unafanya kazi usiguswe. Mi ndo nimeachiwa. Naanzia wapi, na kwa nini kwanza walivuruga hivi? (Fundi mifumo, Morogoro)

Nzuri kaka, pole na jukumu. Nianze na la pili.

Python 2 ilikuwa na kasoro ambazo huwezi kuzitoa bila kuvunja kodi za watu. Kubwa kuliko zote ilikuwa maandishi. Kwenye Python 2 stringi ya kawaida ilikuwa ni baiti tu, na kulikuwa na aina nyingine ya unicode, inayobeba herufi za lugha zote, ukizichanganya inakubali mradi herufi ni zile za kawaida za Kiingereza. Sisi Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi hizo hizo kwa hiyo unaweza kukaa na mfumo miaka bila kuona tatizo, mpaka siku mtu anaandika ng’ombe kwenye Word, Word inageuza ile alama ya juu kuwa ya kupinda, anakopi anapesti kwenye fomu yako, na usiku unapigiwa simu kuna `UnicodeDecodeError`. Herufi moja. Ndo hiyo kasoro waliyotaka kuing'oa.

Basi Desemba 2008 ikatoka Python 3.0, imevunja mengi kwa mkupuo. Wakadhani watu watahama kwa kutumia zana ya 2to3 inayogeuza kodi. Hawakuhama. Sababu inaeleweka kabisa, mwenye laibrari ana wateja wa Python 2, hawezi kuwaacha, na kodi iliyogeuzwa na 2to3 haikimbii tena kwenye 2, kwa hiyo angehitaji kutunza kodi mbili. Na wewe unayetumia laibrari yake huwezi kuhama kabla yake. Kila mtu anamsubiri mwenzake. Kilichokuja kusaidia ni kuwezesha kodi moja ikimbie sehemu zote mbili: laibrari ya six, zile `from __future__`, na hata alama ya `u''` waliyokuwa wameifuta kwenye 3.0 wakairudisha kwenye 3.3 mwaka 2012. Mwisho wa Python 2.7 ulipangwa 2015, mwaka 2014 wakausogeza mpaka 2020. Instagram walimaliza kuhama 2017, Dropbox programu yao ya kompyuta 2018, na Dropbox ndo alikokuwa anafanya kazi Guido van Rossum mwenyewe, mwanzilishi wa Python. Django, laibrari ya kutengenezea tovuti, toleo lake la 2.0 la Desemba 2017 ikaacha Python 2 kabisa. Toleo la mwisho, 2.7.18, likatoka Aprili 2020.

Kilio chote cha miaka zaidi ya kumi kilitokana na kutoandaa njia ya kuhama kabla ya kuvunja. Ndo maana saivi kuna utaratibu wa PEP 387, kitu kikitaka kuondolewa lazima kwanza kitolewe onyo kwa matoleo yasiyopungua mawili.

Sasa stoo yako. Usikimbilie kugeuza kodi. Andika testi kwanza, hata chache, za mambo yanayohusu pesa na idadi, ziendeshe kwenye hiyo hiyo 2.7 na uhifadhi majibu. Kwa nini hayo hasa? Kwa sababu kitu kinachopiga kelele si hatari. `print` bila mabano itagoma hapo hapo na utaiona. Hatari ni kinachobadilika kimya kimya:

Kugawanya. `7/2` kwenye Python 2 ni 3, kwenye Python 3 ni 3.5. Kama mfumo unagawa bidhaa kwenye katoni, majibu yote yamebadilika na hamna kosa litakaloonekana. Weka `from __future__ import division` juu ya kila faili ukiwa bado kwenye 2.7, uone testi zipi zinaanguka, na palipotakiwa namba nzima weka `//`.

Kukadiria. `round(2.5)` Python 2 inakupa 3.0, Python 3 inakupa 2, manake nusu inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa mahesabu ya pesa hamia `decimal` kabisa.

Kulinganisha. Python 2 ilikuwa inakubali kulinganisha `None` na namba, kwa hiyo ukipanga orodha yenye bei ambazo hazijajazwa ilikuwa inapita. Python 3 inagoma, ila pale tu bei isiyojazwa inapokutana na namba, kwa hiyo nayo inaweza kujificha.

Ukimaliza hayo endesha mfumo kwa 2.7 ukiweka `-3` kwenye amri, itakuonyesha mengine. Na 2to3 bado inasaidia kwa kazi ya mikono, ila iliondolewa kwenye 3.13 kwa hiyo itafute kwenye 3.12 au chini yake. Bosi mwambie hivi: hamna mtu wa Python anayeziba matundu ya usalama ya 2.7 tangu Aprili 2020, na kila mwaka anaochelewa laibrari zinazokubali matoleo yote mawili zinapungua, ndo zilizokuwa daraja.

Sasa mwalimu. Niko Nairobi, naandika Go kazini na Python nyumbani. Kwenye Python nimeona `match` ni neno la lugha lakini bado naweza kuita variable `match`. Inawezekanaje? Na mbona Go haivunji vunji vitu hivi?

Poa sana. Hii `match` ina historia na ndo mfano ninaoupenda kuliko yote kuonyesha namna ya kuandaa kodi ya lugha.

Rudi nyuma kidogo kwa `async`. Iliingia kwenye 3.5 mwaka 2015, ikaachwa iwe nusu nusu ili majina ya watu yasivunjike, alafu kwenye 3.7 Juni 2018 ikawa neno la lugha kamili. Siku hiyo laibrari zilizokuwa na kitu kinachoitwa `async` zikagoma kufunguka hata mstari wa kwanza. Celery, laibrari ya kuendesha kazi za nyuma ya pazia, walikuwa na faili zima linaitwa hivyo, ikabidi walibadilishe jina. Onyo lilikuwepo tangu 3.6, bado iliuma.

Kilichowabana ni kile kichanganuzi cha zamani, sehemu inayosoma kodi yako na kuielewa. Kilikuwa kinaangalia neno moja mbele tu, hakina uwezo wa kusema hapa `match` ni amri na pale ni jina la variable. Basi kwenye 3.9 wakaweka kichanganuzi kipya, lakini cha zamani hawakukitoa, viliishi vyote viwili mwaka mzima, na ukiona tatizo unaandika `-X oldparser` unarudi kwa kile cha zamani. Kwenye 3.9 mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti yoyote. Kwenye 3.10 wakatoa cha zamani, na hapo hapo ikaingia `match`, ikawa amri pale tu mpangilio wa mstari unapoonyesha ni amri, na `re.match` za watu wote duniani zikaendelea kama kawaida. Yaani msingi umebadilishwa toleo moja kabla ya kujenga juu yake. Kazi ya aina hii haitangazwi sana lakini ndo inayobeba.

Kuhusu Go, ni kweli, Go 1 ilitoka Machi 2012 na ahadi kwamba kodi ya Go 1 itaendelea kukubalika, na wameishikilia. Wamelipa kwa kuongeza vitu taratibu sana. Lugha ya Rust wana njia nyingine, wanatoa toleo kila wiki 6 lakini mabadiliko ya kuvunja wanayaweka kwenye kile wanachokiita edition, 2015, 2018, 2021, 2024, na wewe unachagua mradi wako uko ipi, zote zinafanya kazi kwa kompaila moja, yaani programu inayogeuza kodi iwe ya kompyuta. Tena wana zana inaitwa crater inayochukua paketi za Rust zilizo wazi kwa maelfu na kuzijenga zote na kompaila mpya kabla haijatoka, waone zipi zimevunjika. Kwa Python kitu kilicho karibu na hicho ni kazi ya watu wa Fedora, wanajenga upya paketi zao za Python na matoleo ya alfa miezi kabla ya Oktoba na kuripoti kila kilichoanguka.

Na PHP walijaribu kubwa kuliko wote kwa wakati mmoja, PHP 6 ilianza 2005 ikitaka Unicode kila mahali, 2010 wakaiacha, ndo maana baada ya 5 ikaja 7 Desemba 2015.

Mfumo wangu wa risiti unaandika saa 6 mchana wakati mteja kanunua saa 9 alasiri. Alafu tangu nimehamia 3.12 unaandika onyo kuhusu `utcnow`. Vinahusiana? (Mwenye duka la mtandaoni, Mombasa)

Vinahusiana kabisa dada, na hilo onyo limekuja kukuokoa.

`datetime.utcnow()` inakupa saa ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia nzima, kwa sisi Afrika Mashariki iko nyuma masaa 3, lakini haiiwekei alama kwamba hii ni UTC. Inakupa saa tupu. Sasa ukiita `.timestamp()` juu yake, Python inaona saa isiyo na alama inadhani ni ya hapo ulipo, na masaa matatu yanapotea. Aliyeko London wakati wa baridi hataliona tatizo hili hata siku moja, saa zake na UTC ni zile zile, sisi ndo tunaumia kila risiti.

Kwenye 3.12 ya Oktoba 2023 wakaanza kuitolea onyo. Badilisha iwe `datetime.now(timezone.utc)` kwa kuhifadhi, na wakati wa kumwonyesha mteja igeuze kwa `ZoneInfo("Africa/Nairobi")`, hiyo iko ndani tangu 3.9. Kompyuta ikiwa ya Windows inabidi uinstoli na paketi ya tzdata, Windows haina hizo data kwa mfumo ambao Python inautaka.

Ukibadilisha sehemu moja badilisha zote siku moja. Saa yenye alama na isiyo na alama huwezi kuzilinganisha ipi imetangulia, Python itagoma, na ikigoma shukuru.

Assalaam alaykum. Nina tovuti ndogo ya madrasa ilikuwa inatumia `cgi`, mwenye seva kahamisha kutoka 3.11 kwenda 3.13 na sasa inasema hamna moduli hiyo. Kuondoa kitu kinachotumika ni haki kweli? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam warahmatullah. Nakuelewa kabisa kaka, tovuti imelala na wewe hukugusa kitu.

`cgi`, ya kupokea data za fomu za tovuti kwa njia ya zamani, ni moja kati ya moduli 19 zilizoondolewa kwenye 3.13 kwa mpango wa PEP 594. Ziko pamoja na `telnetlib`, `crypt`, `imghdr`, `nntplib` na nyingine za zama zile. Nyingi zilikuwa hazina mtu anayezijua tena wala kuzitunza, na kila moja inabeba hitilafu zake, testi zake, na ripoti za usalama ambazo lazima mtu azijibu. Kwenye 3.12 kabla yake iliondoka `distutils`, nayo ikaangusha wengi.

Mi kwa upande wangu nawaunga mkono kuziondoa. Kodi isiyo na mwenyewe ndani ya lugha inayotumiwa na dunia nzima ni mlango wazi. Lakini kuna jambo ambalo naona bado halijakaa sawa, na ndilo lililokupata wewe. Maonyo ya kuondoa vitu, yale ya `DeprecationWarning`, kwa kawaida yamefichwa. Yalifichwa tangu 2.7 na 3.2 ili watumiaji wa kawaida wasisumbuliwe na maneno yasiyowahusu, kwenye 3.7 wakaruhusu yaonekane kwa faili unaloliendesha moja kwa moja tu. `cgi` ilikuwa inatoa onyo 3.11 yote na 3.12 yote. Limetolewa miaka miwili, na wewe hukuliona hata mara moja, kwa sababu kwenye seva hakuna aliyeuliza. Onyo lisilomfikia mwenye kodi halijatimiza kazi yake, ningependa siku moja walitafutie njia bora.

Kwa sasa: kuna paketi inaitwa legacy-cgi, iinstoli na tovuti itaamka leo hii. Hiyo ni ya kupumua tu. Baadae tenga muda uhamie Flask, laibrari ndogo ya kutengenezea tovuti, au kitu cha namna hiyo. Na kuanzia sasa, kila baada ya miezi michache endesha kodi yako kwa `python -W error` au `python -X dev` kwenye kompyuta yako, si kwenye seva, uone kilichofichwa. Ukitumia pytest, zana ya kuendesha testi, yenyewe inakuonyesha mwishoni, usiruke ile sehemu ya njano.

Mi si mtaalamu wa C wala sijawahi kuchangia mradi wowote. Kuna kitu mtu kama mimi anaweza kufanya kwenye toleo linalokuja? (Kigoma)

Kipo, tena ndo kinachokosekana.

Buildbot zinatesti kodi ya Python. Fedora wanatesti paketi zilizo wazi. Mfumo wa stoo wa Morogoro na risiti za Mombasa hakuna mashine yoyote duniani inayozijua, kodi hizo unazo wewe peke yako. Mwaka 2020 waliwahi kupanga kuondoa majina ya zamani kama `collections.Mapping` kwenye 3.9, majina yaliyotangazwa kuwa ya kuachwa tangu 3.3 ya 2012, ila laibrari nyingi zilikuwa bado zinayatumia, ikabidi wayabakize toleo moja zaidi mpaka 3.10. Walijua kwa sababu watu walijaribu mapema. Wangejaribu Novemba ingekuwa imeshatoka.

3.15 imepangwa kutoka Oktoba 2026 na beta ya kwanza Mei. Beta ikitoka, iinstoli pembeni ya Python yako ya kawaida, haigombani nayo, kwa Windows faili lenyewe halifiki MB 50 kwa hiyo bando halitaisha. Kama unatumia Docker tafuta ile yenye `-rc` mwishoni mwa jina. Tengeneza venv mpya, yaani foda la pembeni lenye laibrari zake peke yake, kwa hiyo beta, jaribu kuinstoli laibrari zako zote, na hapo tu tayari umepata ripoti ya kwanza, manake utaona ipi imegoma. Alafu endesha testi zako ukiwa umewasha maonyo.

Ikianguka, usikimbilie CPython moja kwa moja. Soma kosa limetokea kwenye faili la nani. Likiwa la laibrari, nenda kwenye ripo yao, yaani ukurasa wanakohifadhi kodi yao, uangalie kama kuna aliyeshaandika, kama hamna andika. Likiwa la Python yenyewe, punguza kodi yako mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaonyesha tatizo, hii ndo sehemu inayochukua muda na ndo yenye thamani, andika ilikuwa inafanya nini kwenye 3.14 na inafanya nini saivi, mfumo wako ni upi, peleka kwenye ripo ya python/cpython. Kiingereza cha kawaida kinatosha, wanaangalia kodi. Na usiogope kuambiwa kwamba wamekusudia ibadilike hivyo, hata jibu hilo linaweza kuwafanya waongeze maelezo kwenye ukurasa wa mabadiliko ili mwingine asihangaike.

Fanya hivyo Mei au Juni. RC zikishaanza, Julai mwishoni au Agosti, kinachorekebishwa ni kile kizito tu, vingine vinasubiri 3.15.1.